Rivolva ya Mwaka 1597 Mbele ya Majaji wa Leo

Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu ya shauri la Bruen tarehe 23 Juni 2022, historia ya bastola imetoka kwenye makabati ya makumbusho na kuingia mahakamani. Hukumu hiyo, iliyoandikwa na Jaji Clarence Thomas, iliweka kipimo kipya: serikali inayotaka kuzuia silaha, au namna ya kutembea nayo, sharti ionyeshe kwamba kizuizi chake kinalingana na desturi ya kisheria ya nchi hiyo tangu zamani. Zamani inayotazamwa zaidi ni mwaka 1791, yalipoidhinishwa Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayolinda haki ya kumiliki na kubeba silaha, na mwaka 1868, yalipoidhinishwa Marekebisho ya Kumi na Nne, ambayo kwayo haki hiyo huyafunga majimbo pia. Kwa hiyo mawakili waliozoea kubishana kuhusu idadi ya vifo sasa wanabishana kuhusu kazi za mafundi wa karne ya 16. Katika shauri la California kuhusu magazini, yaani vibebeo vya risasi vya kuchomeka, zinazobeba zaidi ya risasi 10, jopo la majaji watatu wa mahakama ya rufani lilikwisha kurudi nyuma, mwaka 2020, hadi yapata mwaka 1580 kutafuta bunduki ya kwanza iliyoweza kupiga zaidi ya mara kumi bila kushindiliwa upya. Mwezi Machi 2025 mahakama hiyo hiyo ya rufani, ikiketi na jopo lake kubwa, iliiachia California sheria yake ya kuzikataza magazini hizo, lakini hoja ya historia ingali hai na watetezi wake wanaendelea kuitumia.

Hoja hiyo husema hivi: silaha za kupiga mfululizo zilikuwapo karne mbili kabla ya Katiba ya Marekani, waasisi wa nchi walizijua, hawakuzipiga marufuku, basi na sisi hatuna ruhusa ya kufanya hivyo. Wanaopinga hujibu kwamba rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi katika vyumba kadhaa, ililetwa duniani na Samuel Colt mwaka 1836, na yote yaliyotangulia yalikuwa vitu vya kuchezea wafalme. Naona pande zote mbili zinajibu swali lisilo na faida. Kuuliza rivolva ilivumbuliwa lini ni kuuliza jambo ambalo halikuwahi kumgusa mtunga sheria yeyote, kwa sababu sheria haitungwi dhidi ya kifaa kimoja kilichofungiwa sandukuni kwa tajiri. Swali lenye uzito ni lini rivolva ilifika mikononi mwa watu wa kawaida, kwa bei wanayoimudu na kwa namna inayobadilisha hatari ya ugomvi wa barabarani. Jibu la swali hilo haliko mwaka 1597 wala mwaka 1836. Liko katika kipindi kirefu kinachoanzia 1807 na kukamilika baada ya 1869, na kipindi hicho kiliongozwa na kemia, mashine na sheria za hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuuzuia uvumbuzi wake usitumiwe na wengine, kuliko kipaji cha mtu mmoja.

Msomaji wa Kiswahili ana faida katika jambo hili, kwa maana lugha yetu ilizipokea bunduki kwa hatua na kuipa kila hatua jina lake. Wazee wa pwani walisema bunduki ya mrao, yaani ile iliyowashwa kwa utambi unaofuka moto. Kisha bunduki ya gumegume, ambamo jiwe linagonga chuma na kutoa cheche. Kisha bunduki ya fataki, ambamo kikombe kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kwa kugongwa huvikwa kwenye kifa, yaani kichuchu chenye tundu linalopeleka moto kwenye baruti. Ngazi hizo tatu ndizo ufunguo wa historia ya rivolva, kwa kuwa wazo la silinda inayozunguka ni la kale, na kilicholichelewesha ni namna ya kuwasha baruti.

Tuichukue silaha inayopendwa kutajwa. Katika makumbusho ya Maihaugen, mjini Lillehammer nchini Norway, ipo rivolva ya vyumba vinane iliyotengenezwa na Hans Stopler wa Nuremberg mwaka 1597. Ni kazi ya kustaajabisha, na inatumia gumegume. London, yapata mwaka 1680, John Dafte naye alitengeneza bastola za silinda. Mwaka 1718 James Puckle alipata hataza ya Kiingereza kwa bunduki nzito ya miguu mitatu yenye silinda ya kuzungushwa kwa mkono, na mwaka 1722 ilionyeshwa ikipiga mara 63 kwa dakika saba huku mvua ikinyesha. Hazikukosa akili wala ufundi. Zilikosa uwashaji unaoaminika. Katika silaha ya gumegume kila chumba cha silinda kinahitaji baruti yake ya kuwashia, iliyomwagwa nje ya chumba, na baruti hiyo hulowa, humwagika silinda inapozunguka, na cheche zake zinaweza kurukia chumba cha jirani, risasi mbili au tatu zikatoka kwa pamoja mbele ya mkono wa mwenye silaha. Pengo kati ya silinda na mtutu huvujisha moto lisipokuwa jembamba mno, na kulipata pengo hilo kwa tupa na jicho kulidai fundi bingwa afanye kazi siku nyingi juu ya silaha moja. Kila rivolva ya zama hizo ilikuwa peke yake duniani, na ikivunjika ilibidi arudiwe aliyeitengeneza, kama bado yu hai. Elisha Collier wa Boston, aliyepata hataza Uingereza mwaka 1818 na kutengenezewa silaha zake London, aliifikisha rivolva ya gumegume kwenye ubora wake wa mwisho, na bado ilibaki silaha ya wachache. Baadhi zilifika India, na kwa kuwa Colt akiwa kijana alisafiri kwa meli hadi Calcutta mwaka 1830, wapo wanaodhani aliziona huko. Yeye alikana kulichukua wazo kwa mtu mwingine.

Aliyefungua mlango hakuwa fundi wa bunduki. Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa la Belhelvie karibu na Aberdeen, Uskoti, alikuwa mwindaji wa ndege aliyechoshwa na bunduki yake ya gumegume, kwa kuwa mwako wa nje uliwashtua ndege kabla marisau hayajawafikia. Mwaka 1807 alipata hataza ya kuwasha baruti kwa chumvi za kemia zinazolipuka zikigongwa. Katika miaka kumi na mitano hivi iliyofuata wazo hilo lilipunguzwa na kurahisishwa hadi likawa fataki ya shaba, na watu kadhaa wa Uingereza, Ufaransa na Marekani walidai kuwa ndio waliolikamilisha. Joshua Shaw wa Philadelphia alipata hataza yake mwaka 1822. Kuanzia hapo chumba cha silinda kiliweza kubeba kiwashio chake mwenyewe, kikavu, kilichofunikwa, kisichohitaji kumwagiwa kitu wakati wa kupiga. Bila fataki Colt angekuwa jina moja zaidi katika orodha ya akina Stopler na Collier.

Nasema hivyo bila kumdharau. Hataza yake ya Marekani ya tarehe 25 Februari 1836, iliyotanguliwa na ile ya Uingereza ya mwaka 1835, ilidai mambo mahususi: silinda izunguke na kujifunga mahali pake kwa tendo lile lile la kuinua kinyundo, na vifa vitenganishwe kwa kuta ndogo ili moto wa kimoja usimwashe jirani yake. Haya ni majibu ya moja kwa moja kwa matatizo yaliyowashinda waliomtangulia. Tena Colt mwenyewe hakudai kuwa wa kwanza. Novemba 1851, akizungumza mbele ya Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi mjini London, aliwaeleza wasikilizaji habari za silaha za kale za kupiga mfululizo, zikiwamo zile zilizohifadhiwa katika Mnara wa London, kisha akaeleza kwa nini zilishindwa. Ni ajabu kwamba mfanyabiashara aliyekuwa na kila sababu ya kujikweza aliisimulia historia hiyo kwa uangalifu kuliko baadhi ya hati zinazowasilishwa mahakamani leo.

Kinachosahaulika ni kwamba hataza, fataki na kipaji cha kuuza havikutosha. Kampuni ya kwanza ya Colt, iliyofunguliwa Paterson, New Jersey, mwaka 1836, ilikufa mwaka 1842. Bastola zake za risasi tano zilikuwa ghali na zenye vipande vidogo vinavyoharibika, na zile za awali zilimlazimu mtu kuung'oa mtutu ili azijaze upya. Jeshi la Marekani lilinunua chache tu. Jamhuri ya Texas ndiyo iliyonunua bastola 180 mwaka 1839 kwa ajili ya meli zake, na zilipohamia kwa askari wake wapanda farasi wa mpakani, ndipo walipogundua kazi yake halisi: mtu aliye juu ya farasi, anayepambana na wapiga mishale wa Wakomanche waliokuwa wepesi kuliko yeyote mwenye bunduki ya risasi moja. Pambano la Walker's Creek, Juni 1844, likiongozwa na Jack Hays, liliieneza sifa hiyo. Vita vya Marekani na Mexico vilipoanza, Kapteni Samuel Walker alimtafuta Colt na kumwagiza bastola 1,000 za risasi sita, zenye uzito wa takribani kilo mbili kila moja. Colt hakuwa na karakana. Ilibidi Eli Whitney mdogo azitengeneze Connecticut mwaka 1847. Hebu fikirini: miaka kumi na moja baada ya hataza iliyotukuzwa, mwenye hataza hana hata mahali pa kuchongea chuma. Anayeuweka mwaka 1836 kuwa mwanzo wa zama za rivolva anaihesabu karatasi na kuiacha silaha.

Zama zenyewe zilianzia Hartford, Connecticut, pale Colt alipomwajiri Elisha Root kusimamia kiwanda na kukijaza mashine za kukata, kutoboa na kupiga chapa chuma. Ni kweli kwamba sifa ya vipuri vinavyobadilishana bila tupa ilitiwa chumvi, kwa kuwa vipande vya bastola zake viliendelea kusawazishwa kwa mkono. Hata hivyo mashine zilifanya sehemu kubwa ya kazi, na wingi ukawa wa namna ambayo haikuwahi kuonekana: bastola ndogo ya mfukoni ya mwaka 1849 ilitengenezwa kwa zaidi ya 300,000, na ile iliyoitwa ya Jeshi la Majini, ya mwaka 1851, ilizidi 200,000 katika kiwanda cha Hartford pekee. Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 yaliipeleka Ulaya, ambako Robert Adams alijibu kwa rivolva yake yenye fremu imara, iliyopigwa kwa kuvuta kifyatulio tu pasipo kuinua kinyundo kwa dole gumba. Colt alifungua kiwanda London mwaka 1853 na kukifunga miaka michache baadaye.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka, nalo ni hataza kama kizuizi. Colt aliwashinda mahakamani Massachusetts Arms Company mwaka 1851, na hataza yake iliyoongezewa muda iliwazuia wapinzani wa Marekani hadi mwaka 1857. Alijaribu kuiongeza tena, na mwaka 1854 kamati ya Bunge ilichunguza madai kwamba watu wake waliwahonga wabunge kwa zawadi. Safari hiyo alikataliwa. Lakini wakati hataza moja inakaribia kwisha, nyingine ilikuwa imezaliwa. Rollin White, aliyewahi kufanya kazi kwa Colt, alipata tarehe 3 Aprili 1855 hataza ya silinda iliyotobolewa kutoka mwisho hadi mwisho, ambayo ndiyo pekee inayoweza kupokea kutoka nyuma risasi iliyokamilika ndani ya ganda la shaba. Horace Smith na Daniel Wesson walikodi haki hiyo kwa senti 25 kwa kila bastola, na mwaka 1857 wakatoa rivolva yao ya kwanza ya ganda, silaha ndogo ya risasi saba. Ufaransa, ambako hataza ya White haikuwa na nguvu, rivolva ya ganda ya Lefaucheux ilitolewa mwaka 1854 na kupokewa na jeshi la majini mwaka 1858. Marekani, kinyume chake, ilipigana vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe ikishindilia baruti, risasi na fataki, chumba baada ya chumba. White alipoomba nyongeza ya muda, Rais Ulysses Grant alikataa kutia saini mwezi Januari 1870, baada ya mkuu wa idara ya zana za kivita kueleza kwamba jeshi lilikwisha kuumizwa vya kutosha na hataza hiyo wakati wa vita. Bastola ya ganda ya Colt iliyojulikana zaidi ilitoka mwaka 1873, miaka 11 baada ya Colt kufa.

Tofauti kati ya kushindilia na kuingiza ganda si jambo dogo la mafundi. Nilipokuwa mtoto nilimwona mzee wa jirani akilijaza gobori lake kwa ajili ya nguruwe waliokuwa wakiharibu muhogo: baruti kwanza, kisha nyuzi za makumbi, kisha risasi, kisha mdeki ukashuka mara tatu, na fataki ikavikwa mwisho. Kwa risasi moja tulisubiri hadi tukachoka. Rivolva ya zama za Colt ilidai shughuli ya namna hiyo mara tano au sita, ingawa wenzo wa mdeki ulikuwa umefungwa chini ya mtutu na karatasi zilizotayarishwa zilipunguza kazi. Mtu aliyekwisha kupiga risasi zake zote alikuwa, kwa dakika kadhaa, ameshika kipande cha chuma. Kuiita silaha hiyo ndugu wa bastola inayobadilishiwa magazini kwa sekunde mbili ni kusema kweli kuhusu ukoo wao huku ukificha tofauti ya nguvu zao.

Sasa nizipime hoja. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya ukimya wa mwaka 1791. Inachukulia kwamba mtunga sheria asiyekataza kitu amekiridhia, lakini kuridhia hudai kukutana na kitu chenyewe. Hakuna ushahidi wowote kwamba silinda ya Stopler, iliyofanya kazi yake Skandinavia, au bunduki ya Puckle, ambayo haikupata soko hata London, ilikuwa tatizo la kijamii huko Virginia au Massachusetts. Bunduki ya upepo ya Girandoni, ambayo pia hutajwa sana kwa sababu wavumbuzi wa nchi Lewis na Clark waliibeba moja katika safari yao ya mwaka 1803 hadi 1806, ilikuwa silaha ya jeshi la Austria iliyohitaji mafundi stadi na kujazwa upepo kwa pampu mamia ya mara. Ukimya kuhusu vitu ambavyo karibu hakuna aliyekuwa navyo hauthibitishi ruhusa, kama ambavyo ukimya wa sheria za kale za Zanzibar kuhusu treni hauthibitishi kwamba sultani alikataa kudhibiti mwendo kasi.

Hoja yenye nguvu ya upande huo ni nyingine, na inastahili heshima. Husema: sawa, tuyaache ya 1791, kufikia mwaka 1868 rivolva zilikuwa kila mahali, serikali peke yake ilikwisha kununua zaidi ya 100,000 za aina ya Colt ya mwaka 1860 wakati wa vita, maelfu ya askari walirudi nazo nyumbani, na majimbo hayakuzipiga marufuku kabisa. Hili ni kweli kwa sehemu kubwa, na wanaotaka udhibiti wasilikwepe. Hata majaribio ya awali yalipata vikwazo: sheria ya Georgia ya mwaka 1837 dhidi ya bastola ilitenguliwa kwa sehemu na mahakama ya jimbo hilo mwaka 1846. Lakini wenye hoja hiyo wakiendelea kusoma miaka michache mbele wataona sheria zikiifuata silaha kadiri ilivyozidi kuenea. Texas, jimbo lililoitajirisha sifa ya rivolva kuliko jingine, lilizuia mwaka 1871 watu kutembea na bastola isipokuwa kwa sababu maalumu. Tennessee mwaka 1879 na Arkansas mwaka 1881 zilikataza bastola zote isipokuwa zile za aina ya kijeshi. Sheria hizi mbili za mwisho zina doa ambalo sitalifunika: bastola za kijeshi zilikuwa ghali, na katika Kusini ya baada ya utumwa waliobaki na za bei nafuu tu walikuwa maskini, na Weusi walikuwa wengi miongoni mwao. Anayezileta sheria hizo mahakamani kama mfano mwema azilete pamoja na doa lake. Hata hivyo zinathibitisha mfuatano ninaoutetea, kwamba mtunga sheria wa karne ya 19 aliitazama silaha pale ilipofika mitaani na akaamua kwa kadiri ya aina yake, uzito wake na namna inavyobebwa.

Jaji anayekubali mfuatano huo hatahitaji kumsaka mvumbuzi wa kwanza. Atauliza silaha ilienea lini, kwa bei gani, ikiwa na uwezo gani wa kujazwa upya, na sheria zilichukua miaka mingapi kuifikia. Akikuta muda wa miaka 20 au 30 kati ya kuenea na kudhibitiwa, hatauhesabu muda huo kuwa ridhaa. Kipimo hiki kinaweza pia kuwaumiza wanaotaka udhibiti, kwa sababu silaha iliyoenea kwa nusu karne bila sheria yoyote itakuwa na utetezi mzuri kuliko leo. Nakubali gharama hiyo.

Kama kuna mtu anayedhani tofauti ya gumegume, fataki na ganda ni ya watu wa makumbusho tu, aisome hati ya mkutano wa Brussels ya tarehe 2 Julai 1890, ambayo Sultani wa Zanzibar naye alikuwa miongoni mwa waliohusishwa. Kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, mataifa yalikubaliana kuzuia silaha kuingia sehemu kubwa ya Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Zilizoweza kuruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Silaha bora zaidi zilitengewa serikali, na watu waliotoa dhamana, na wasafiri waliobeba hati za serikali zao. Kwa mwandishi wa hati ile bunduki ya mwaka 1700 na bastola ya mwaka 1873 hazikuwa kitu kimoja hata kidogo, na katika miaka iliyofuata, kutoka Pangani hadi Ujiji, watu wetu waliijua tofauti hiyo wakiwa upande wa gumegume.